Nilivyoezua Nyumba ya Mzee Gama

Wadogo zangu, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru sana, ila naomba niulize: mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote ili aiwahi foleni ya Tegeta, siku anayotoka kifungoni mnampa saa ya nini? Nimeitundika hapa sebuleni kwangu Boko. Ikifika saa moja asubuhi naitazama, nacheka peke yangu, naongeza sukari kwenye chai.

Mlitaka pia niwaandikie mambo ya kuzingatia mnapoingia mitaani, na mmoja wenu, sitamtaja, alitaka yawe kumi na yaenee kwenye slaidi moja. Hayatakuwa kumi. Habari za vyeo na nani alipandishwa lini mtazikuta kwenye majalada, kama panya hawajazimaliza. Mimi nitawasimulia jinsi nilivyoezua nyumba ya mtu, kwa sababu ndipo nilipojifunzia kazi, na kwa sababu hadi leo nikikumbuka nacheka mpaka jirani anachungulia dirishani.

Nilikuja Dar nikitokea Iringa, msichana mwenye cheti cha maendeleo ya jamii, viatu vya kisigino na Kiswahili cha vitabuni. Nilikabidhiwa kwa Bi Asumini, Mzaramo wa Temeke, mwanamke mnene mwenye mwavuli mweusi ambao sikuwahi kumwona akiufungua. Ulikuwa wa kuegemea, wa kufukuzia mbwa, na wa kuwanyooshea wenyeviti wa mitaa waliozidisha hotuba. Kwenye semina alikuwa anasinzia. Mtaalamu anachora mishale kwenye bango kitita, sisi tunanukuu, Bi Asumini anakoroma taratibu. Halafu ghafla anafumbua jicho moja na kuuliza, "Na hicho choo atakisafisha nani?" Mishale yote inafia pale pale.

Siku ya kwanza alinitazama viatu, akalitazama begi langu lililofura fomu, akasema, "Mwanangu, umekuja kazini au umekuja kuolewa?" Kesho yake nikavaa raba. Vifaa vyake mwenyewe vilikuwa vichache. Kanga ya ziada, kwa sababu hujui utaketi wapi wala utaangukia msiba gani. Daftari la mistari. Penseli, maana wino ukilowa umepoteza mtaa mzima. Na sheria yake ilikuwa moja: fomu haitoki kwenye begi kabla hujakaribishwa kuketi.

"Mtu hajakuonyesha hata kigoda, wewe unamuuliza ana watoto wangapi," aliniambia. "Ungekuwa wewe ungemjibu?"

Nikaitikia kwa heshima zote. Nikadhani nimeelewa.

Miezi michache baadaye nikapewa kazi ya kwangu mwenyewe, mtaa mmoja wa bondeni kule Vingunguti, upande wa machinjio. Mvua ikinyesha, maji ya huko juu kote yalikuwa yanashukia pale, yamebeba kila kilichotupwa njiani, na yanaingia ndani bila hodi. Mama Shani, muuza utumbo wa kukaanga, alinionyesha ukutani kwake mstari wa maji ulivyokata picha yake ya harusi. "Bwana harusi kazama," aliniambia, "mie nimebaki kichwa." Kisha akacheka, akanipa kipande cha utumbo na pilipili.

Shirika letu lilikuwa tayari kuwajengea mtaro. Tulichohitaji ni ridhaa ya kila nyumba, kwa kuwa mtaro ungepita kwenye viwanja vyao, na siku ya mwisho ya kuzipeleka ridhaa hizo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Zikikosekana, mtaro unahamia mtaa mwingine. Nyumba ya muhimu kuliko zote ilikuwa ya mwisho kabisa, ya mzee mmoja fundi seremala aitwaye Gama, ambaye nilikuwa bado sijaonana naye. Maji yote yalipaswa kupita uani kwake ndipo yafike mtoni. Bila ua ule tungekuwa tumejenga bwawa.

Basi nikaingia kazini kwa kasi ya mtu anayetaka kusifiwa. Nyumba kwa nyumba, fomu mkononi. Chuoni tulifundishwa kuweka alama ya chaki mlangoni ili usirudie nyumba: uliyomaliza unaiwekea vema, uliyokosa mtu unaiwekea X ili urudi kesho. Jumatatu, wiki nzima kabla ya siku hiyo ya mwisho, chaki nyeupe zikaniishia, nikabaki na kipande chekundu. Nilipofika kwa Mzee Gama sikukuta mtu, kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wamekwenda Kariakoo kununua vitambaa vya sendofu ya binti yao, Neema, aliyekuwa anaolewa. Nikachora X kubwa, nzuri, iliyonyooka, katikati ya mlango. Nikarudi ofisini najipongeza.

Ninyi mliokulia jijini mmeshashika vichwa, najua. Mimi nilikuwa mgeni. Sikujua kwamba katika jiji hili X nyekundu kwenye nyumba ya mtu ina maana moja tu, nayo ni tingatinga.

Jumanne asubuhi nikarudi na tabasamu langu. Nikamkuta mzee mrefu, penseli sikioni, ameketi juu ya rundo la bati. Nyuma yake nyumba ilikuwa kipara. Kuta zipo, mlango upo, X yangu ipo, paa hakuna. Kupitia mlangoni niliona kabati la vyombo, kalenda ya kanisa na mawingu.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Hongereni kwa ukarabati."

Nawaapia, ndivyo nilivyosema.

"Marahaba," akajibu polepole. "Ukarabati gani, binti? Jana tumepigwa X, hata barua ya kujiandaa hamna. Mie nilishabomolewa mara moja kule nilikokuwa nakaaga, tingatinga likalala na bati zangu zote. Safari hii nimewahi. Sie na shemeji zangu tumeezua mpaka jua likazama."

Nikageuka kuangalia mtaa. Mama Shani alikuwa ameshatoa kitanda nje, na amekikalia, anakaanga utumbo wake kama kawaida. Jirani mwingine alikuwa anang'oa madirisha. Mzee mmoja alikuwa amebeba mlango wake kichwani, na nilipomuuliza anaupeleka wapi akasema hajui bado. Mtaa mzima ulikuwa umeiona X ya Mzee Gama, umedhani zamu yake inafuata, na sasa ulikuwa unahama kwa ajili ya kipande changu cha chaki.

Nikasema ukweli. Nilisema kwa haraka, nikichanganya maneno, kwamba X ile ni yangu, ni ya kurudi kesho tu, hakuna tingatinga, kuna mtaro. Watu walikuwa wamekusanyika. Mzee Gama hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinyanyuka tu, akampa binti yake mkono ainuke kwenye godoro lililokuwa uani, akaniambia, "Huyu anaagwa Jumamosi. Wakwe wanakuja. Waje waketi chini ya mawingu?"

"Rudisheni bati, mzee wangu, nawasihi."

"Nirudishe, halafu kesho mje mtuambie nyie ndo mlikosea tena? Leta barua yenye mhuri kwamba hambomoi. Bila mhuri bati haipandi. Na huo mtaro wako usiniletee hapa."

Nikakimbia ofisini. Bosi wangu alinisikiliza, akavua miwani, akaniuliza, "Unataka tuandike barua rasmi kwamba hatubomoi nyumba ambayo hatukuwa tunaibomoa?" Barua ya namna hiyo, akasema, itapita meza tatu, na meza ya pili iko likizo. Wingu la vuli lilikuwa limeshajaa upande wa bahari. Nikaingia msalani nikalia kwa sauti ndogo, kama mtumishi mstaarabu.

Mlango ukagongwa kwa mwavuli.

"Toka," Bi Asumini akasema. "Hilo X lako nimelisikia mpaka Temeke. Huyo fundi ni mtu wa wapi?"

"Gama. Nadhani wa Songea."

"Mngoni. Na wewe?"

"Mhehe."

Bi Asumini aliegemea ukuta. Akaanza kucheka tumbo kwanza, halafu mabega, halafu mwavuli wote ukawa unatikisika. "We mtoto, Mungu anakupenda na hujui. Umeezua nyumba ya mtani wako! Halafu ukaenda kumwomba radhi? Mtani haombwi radhi, unamdhalilisha! Ndo maana kakasirika. Nenda kamtukane."

Kwa wale waliokulia nyumba za lugha moja na runinga, niseme kidogo. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali enzi za mababu, na vita vilipokwisha wakaachiana utani. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Akichukua kuku wako ameshachukua. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya kazi na kukuchekesha. Mimi haya yote niliyajua tangu utotoni, nilimwona baba yangu akiwafanyia watu. Lakini nilikuwa nimeyaacha Iringa na nguo za nyumbani, nikidhani kazini mtu anaingia na cheti tu.

Jumatano nikaenda bila begi. Nikasimama mbele ya nyumba kipara, nikavuta pumzi, nikapaza sauti mtaa wote usikie.

"Hodi! Nasikia humu kuna Mngoni! Babu zako walitoka Afrika Kusini mbio, hawakupumzika mpaka Songea, na wewe bado unakimbia! Wao walikuwa wanakimbia mikuki, wewe umekimbia chaki!"

Mama Shani akaacha kugeuza utumbo. Mzee Gama akatokea mlangoni na nyundo mkononi, uso hausomeki.

"Wewe," akasema, "kabila gani?"

"Mhehe. Wa Kalenga kabisa."

Akaiangalia nyundo. Akaniangalia mimi. Akaketi chini palepale kizingitini, na sauti iliyomtoka sikuielewa mara moja, nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka penseli ikaanguka sikioni.

"Mama Neema! Mama Neema, njoo! Fungia mbwa kwanza asije akaliwa, Mhehe kaingia! Babu zao miaka yote walishindwa kututoa kwenye nyumba zetu, huyu katutoa kwa chaki! Bila mkuki, bila hata kelele! Nilijua mie, nilijua! Mtu mwenye akili zake hawezi kuchora mlango wa mtu bila hodi!"

Mkewe akatoka, akasikia, akashika kiuno, naye akacheka. Mtaa mzima ukaangua. Yule mzee wa mlango kichwani akaurudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Na mimi, wadogo zangu, nilijisikia mwepesi hata ningepeperuka.

Msidhani nilisamehewa bure. Mtani anatozwa faini. Mzee Gama akaketi kwenye rundo lake la bati kama hakimu, akatoa hukumu mbili: kwamba nitapanda juu na kupiga misumari kwa mkono wangu, na kwamba Jumamosi nitahudumu kwenye sendofu ya binti yake kama mtani, kutwa nzima, bila kununa. Habari ya mtaro akasema ataitolea jibu siku hiyo, akishaona Mhehe ana adabu kiasi gani.

Fundi ni fundi. Pamoja na hasira zake, alikuwa ameziandika namba bati zote kwa penseli wakati wa kuezua, kila moja na mahali pake, ili matundu ya misumari yakutane tena na mbao. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa kazi ilikuwa kupanga namba. Mashemeji walipandisha, wanawake walinyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, Mama Shani alileta utumbo kila saa. Nilipanda na raba zangu na kanga ya Bi Asumini kiunoni, na mwenyewe Bi Asumini alikuwa chini akinielekeza kwa mwavuli, ingawa hajawahi kuezeka hata banda la kuku. Nilipiga vidole vyangu kuliko misumari. Kila nikipiga kelele, watu wa chini walishangilia. Bati moja, namba kumi na tisa, niliipigilia peke yangu mwanzo mpaka mwisho, na nilijivuna nayo sana.

Jumamosi wakwe wakaja, watu wazito wa Kilimanjaro, suti na miwani. Mimi nilipewa mlango. Kila mkwe aliyetaka kuingia ilibidi kwanza anisifie Wahehe kwa sentensi moja. Mshenga wao, mzee mmoja mwenye kipara kinachong'aa, alikataa, akasema yeye hana utani na mtu. Nikamwambia basi atasikiliza sherehe akiwa barabarani. Mwishowe akasema Wahehe ni warefu, nikampitisha ingawa mimi ni mfupi.

Hotuba zilikuwa zinaendelea vizuri mvua ya vuli ilipoanza. Paa likashika. Watu wakatazamana, wakapumua. Kisha tone moja, moja tu, likashuka kutoka kwenye bati namba kumi na tisa na kutua katikati ya kipara cha mshenga. Akapangusa. Likatua la pili. Mzee Gama akanyoosha kidole juu, akapaza sauti, "Hapo ndipo alipopigilia Mhehe!" Sijawahi kuona wakwe wakicheka vile. Yule mshenga mwenyewe alihamisha kiti huku machozi yanamtoka.

Nje, hata hivyo, maji yalikuwa yanaanza kukusanyika njiani, na watu wa mtaani waliokuwa ndani walishaanza kuchungulia. Mama Shani alisimama mlangoni karibu nami, macho kwenye maji. Ilipofika zamu ya baba mzazi kutambulisha ndugu, Mzee Gama akawataja kaka zake, dada zake, mashemeji. Halafu akaniita katikati. Nilisahau kucheka. Kama angekataa pale, Jumatatu ningekwenda ofisini mikono mitupu, na Mama Shani angebaki na kitanda chake juu ya matofali.

"Huyu ni mtani wangu," akasema. "Alichonitendea mmekisikia. Sasa anataka mtaro upite uani kwangu. Nyie majirani mnajua ule ua nimeufanyia kazi miaka mingapi, karakana yangu iko pale. Nilitaka kukataa." Akatazama juu, kwenye bati namba kumi na tisa. "Lakini nimefikiri. Mtaro upite. Na upite kwangu kabisa, sio kwa jirani, ili kila mvua ikinyesha nione maji ya Mhehe yanapita, nikumbuke kumtukana."

Nililia mbele ya wakwe bila aibu yoyote. Mama Shani alinikumbatia na mikono yake ya mafuta, na gauni nililovaa sikulifua tena, nililitunza. Jumatatu nilipeleka ridhaa zote. Bosi aliuliza nimetumia mbinu gani nikakuta nimesema "shirikishi", akaandika.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nyingi ambazo ziko kwenye ripoti. Nimefundisha kutundika vibuyu chirizi vya kunawia mikono shule za Tegeta, nikakuta walimu wamevigeuza vya kumwagilia mchicha. Nimeleta majiko banifu ya kusimama kwa wanawake wanaopika wameketi. Kila mahali nilipokosea, nikichunguza sana, nilikuta begi langu liliingia kabla yangu mwenyewe. Siku hizi mna tableti zinazojua mpaka nyumba iko nyuzi ngapi kutoka ikweta. Nzuri sana. Zikishawaonyesha mlango, pigeni hodi.

Na Mzee Gama alitimiza ahadi. Mvua ya kwanza baada ya mtaro kukamilika, simu ya mezani ofisini ililia na nikaitwa kwa haraka, nikidhani kuna maafa. Ilikuwa sauti yake. Alinitukana dakika nzima, mimi na Kalenga yote, bila kurudia tusi, halafu akakata. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na furaha kuliko siku niliyopata cheti. Kama alikuwa na nafasi ya kutukana, basi hakuwa anachota maji ndani. Kila masika na kila vuli akawa anapiga, simu za mezani zikaisha, zikaja za mkononi, naye anapiga. Wataalamu waelekezi walikuja mara kadhaa kuutathmini mtaro ule kwa dodoso refu. Mimi nilikuwa na tathmini yangu.

Masika haya mvua zilianza nikiwa nimeshastaafu, nimekaa hapa Boko nikiishangaa saa yenu. Siku ya kwanza simu haikulia. Siku ya pili haikulia. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaichukua mwenyewe mkononi, naogopa kupiga, ndipo ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Shikamoo shangazi. Ni Neema."

"Marahaba mwanangu." Nikaibana simu sikioni. "Kwema huko?"

"Kwema. Maji yanapita vizuri tu, uani kukavu. Baba yupo hapa kitandani, ila sauti imemkauka, hawezi kuongea hata kidogo. Kaniandikia kwenye karatasi nikupigie nikutukane." Akashusha sauti. "Shangazi, mie nitaanzaje? Nakuheshimu sana."

Nyuma yake nilisikia kitu kinagongwa, tok tok tok, kwa pupa. Mzee alikuwa anaona anacheleweshewa jambo lake.

"Tukana, mwanangu," nikamwambia. "Usimwangushe baba yako."

Akavuta pumzi. Akaanza na babu yangu mzaa baba, akashuka taratibu ukoo mzima, akazoea njiani, mpaka alipofika kwangu alikuwa ameshakuwa hodari kweli kweli. Alipomaliza nilimshukuru. Kisha nikamwambia aiweke simu sikioni kwa mzee, maana sasa ilikuwa zamu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane asingeweza kunikatiza.